Hapana ya Kwanza ya Yuni

Nilipowaambia wenzangu wa chumba kule Discovery Gardens, Dubai, kwamba likizo ya mwaka huu siendi Bungoma, naenda Indonesia, Rehema aliacha kukunja nguo zake akanitazama kama niliyeleta habari za msiba. Rehema ni wa Tanga na hana haraka ya maneno.

"Dada Nekesa," akasema, "watu wanatoka Indonesia kuja huku kutafuta. Wewe unakwenda kutafuta nini huko?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu. Mimi ni askari wa getini katika jengo moja la maghorofa mtaa wa Al Twar. Kazi yangu ni kufungua, kufunga, na kuuliza watu wanaenda nyumba gani. Yuni alikuwa yaya kwenye nyumba ya ghorofa ya juu kabisa, na kila aliposhuka na takataka alinipitishia kitu: ndizi za kukaanga, wali uliofungwa kwenye karatasi, siku nyingine soga tu. Tulielewana kwa lugha ya Dubai, yaani Kiingereza kidogo, Kiarabu kidogo na mikono mingi. Hapa namwandika kwa Kiswahili ili asomeke. Madam wake alipohama nchi, Yuni naye akarudi kwao, mji mdogo wa wilaya katikati ya kisiwa cha Jawa.

Baadaye simu zikaanza. Karibu na kwao kulikuwa kumefunguliwa chuo cha wauguzi, wanafunzi hawakuwa na pa kulala, na yeye alikuwa na kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Alichokosa ni cha kujengea. Mimi nilikuwa na akiba yangu, na zaidi ya hiyo sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwa miaka yote niliyosimama juani. Sheria ya kule haimruhusu mgeni kumiliki ardhi. Kwa hiyo vyumba ningejenga mimi, kiwanja kingebaki kwa jina la Yuni, na kodi tungegawana. Kwa kifupi, jasho langu lote lingekaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na dhamana yangu ingekuwa ni yeye mwenyewe.

Mama yangu alilisikia hilo kwenye simu.

"Nekesa, hata kaploti hujanunua Kitengela kama wenzako, unaenda kujengea watu?"

"Naenda kuona tu, mama."

"Basi ona, halafu urudi."

Jakarta niliipita tu, foleni upande mmoja na maghorofa upande mwingine, nikasema moyoni kwamba kama ni hivi ningebaki Dubai. Treni ilipotoka mjini ndipo nikaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Mashamba ya mpunga yalikuja yakajaa dirishani, kisha milima, kisha, nisiamini macho yangu, miwa. Miwa mirefu kama ya kwetu, na malori yamepakia hadi yanainama upande. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliniona natabasamu peke yangu akanipa yai la kuchemsha. Sikujua kama ni desturi au huruma, nikala.

Stesheni, Yuni alikuwa amekuja na pikipiki na kofia mbili za kuendeshea. Alikuwa amenenepa kidogo na amependeza. Huko Dubai nilimzoea mtu anayetembea akiangalia chini, huyu aliniita kutoka mbali, "Mbak! Mbak!", na watu wote wakageuka. Mbak ni dada mkubwa. Mji mzima uliniita hivyo tangu siku hiyo, hata wazee, na nilipenda.

Mji wenyewe una uwanja mkubwa wa nyasi katikati, msikiti upande mmoja, ofisi za wilaya upande wa pili, soko nyuma yake, na ukimaliza hapo unaanza kuona mpunga tena. Mchana maduka mengine yanafungwa watu wapumzike. Jioni familia hutoka kukaa kwenye nyasi na kula vitu vya kukaanga. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Waliniuliza kama nimekula, na wakiniuliza walisubiri jibu.

Nyumbani kwa akina Yuni nilikaribishwa na mama yake, ambaye wote tulimwita Ibu, pamoja na chai ya maua yenye sukari ya kutosha kumlaza mtu. Nilipewa chumba cha mbele na shuka jipya bado lina mikunjo ya dukani. Mchicha wao ni mchicha wetu, majani ya muhogo wanayala kama watu wa Pwani, na pilipili yao ilinitoa machozi mbele ya Ibu, akacheka akashika mbavu. Nilijisikia mtu kati ya watu.

Kiwanjani tulienda kesho yake asubuhi. Kiko nyuma tu ya nyumba, kipana, kimeota nyasi fupi, na katikati kina kijia kilichokanyagwa hadi kikang'aa. Wakati tunapima, Mbah Karti alipita. Mbah ni bibi, na huyu ni jirani anayekaa nyuma ya kiwanja na kuuza tempe sokoni, yaani maharage ya soya yaliyochachushwa yakashikana kama mkate. Alikuwa amebeba kikapu mgongoni kwa kitambaa. Alisimama, akanishika mkono, akasema neno, Yuni akatafsiri: "Anauliza kama umekula." Nikasema nimekula. Akatoa kipande cha tempe akanipa hata hivyo. Nyuma yake wakapita akina mama wawili, kisha mzee wa kwenda msikitini. Kila mmoja akasimama kidogo.

Wenzangu, nitawaambia ukweli: mimi niliona ubovu wa usalama. Mtu wa kwetu akipata ploti jambo la kwanza ni ua, la pili ni geti, la tatu ndiyo nyumba. Na mimi juu ya hayo geti ndiyo kazi yangu. Nikamweleza fundi, Pak Giyo, mwanamume mpole mwenye penseli sikioni, kwamba nataka ukuta wa kuzunguka, geti moja barabarani, na vyumba sita mstari mmoja, kimoja cha katikati kikae pale penye kijia, na vyote vipakwe rangi ya zambarau. Pak Giyo alimtazama Yuni. Yuni alitazama nyasi.

"Sawa, Mbak," akasema Yuni.

"Sawa," akasema Pak Giyo naye. Akapiga vigingi akavuta uzi mwekundu, na uzi ukakata kijia vipande viwili.

Asubuhi iliyofuata hakupita mtu, wala iliyofuata hiyo. Nilikaa mlango wa nyuma na chai yangu nikafurahi: geti langu lilikuwa linafanya kazi kabla halijajengwa. Watu waliendelea kunisalimia vizuri sana. Tabasamu zilikuwepo, chai ilikuwepo. Nilipouliza kama majirani wameukubali mpango, Ibu alisema ni mzuri, Yuni alisema ni mzuri, Pak Giyo alisema ni mzuri sana.

Barabara kuu ndiyo iliyonifumbua macho. Nilikuwa nimetoka kununua vocha ya simu mvua ikinyesha, nikamwona Mbah Karti ukingoni mwa lami na kikapu chake mgongoni, malori ya miwa yanampita karibu na kumrushia maji. Nilidhani amepotea. Nikamchukulia kikapu nikafuatana naye, tukazunguka soko lote na ukuta wa shule, hadi tukatokea nyumbani kwake, nyuma ya kiwanja chetu. Kutoka mlangoni pake niliuona uzi wangu mwekundu, na ng'ambo yake kiti changu cha chai. Mbah alinipangusa maji usoni kwa kitambaa chake yeye, akatabasamu, akauliza kama nimekula.

Nilirudi nimekasirika, na nilipofika nilijua sijui namkasirikia nani. Yuni alikuwa jikoni anakatakata vitunguu.

"Kile kijia ni cha nani?"

"Ni cha kwetu," akasema. "Lakini watu wanapita tangu wakati wa babu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliendelea kukata. "Wewe ndiye unayetoa, Mbak. Ningekuambia hapana vipi? Hata madam sikuwahi kumwambia hapana. Na huku hatusemi hivyo. Mtu akikosea, tunapita njia nyingine."

Niliketi kwenye kigoda. Siku zote mawazo yangu yalikuwa kwenye sheria, hati, na je, Yuni atanidhulumu. Sikuwahi kuwaza kwamba hatari ilikuwa hii: kumfanya Yuni mfanyakazi wangu kwenye kiwanja cha baba yake mwenyewe, anikubalie kila kitu kwa upole hadi siku ambayo mji mzima utakuwa unapita njia nyingine. Nilimpenda mno Yuni, sikutaka hivyo. Nilisema wazi.

"Yuni, mimi naenda kukaa mbali. Nikikosea nikiwa Dubai, nani ataniambia? Kama huwezi kuniambia hapana, narudi na pesa yangu, na wewe utabaki kuwa rafiki yangu. Khalas."

Kisu kilisimama. Ibu, ambaye hajui Kiingereza wala Kiarabu, alituangalia mmoja baada ya mwingine akapunguza moto wa jiko.

"Haya," akasema Yuni polepole, macho kwenye vitunguu. "Ukuta, hapana." Akavuta pumzi. "Geti, hapana." Akaniangalia sasa. "Na ile rangi ya zambarau uliyochagua, Mbak, hapana kabisa. Ni mbaya sana."

Nilicheka hadi machozi, naye akacheka huku akijifuta kwa kiwiko kwa sababu ya vitunguu, au ndivyo alivyosema.

Kiwanjani tuliung'oa uzi pamoja. Pak Giyo alichora upya bila kuuliza swali: vyumba vitano, vitatu huku na viwili kule, na kijia katikati chenye saruji na taa. Chumba kimoja tulikipoteza. Kisha Ibu akapika karamu ndogo ya kuombea ujenzi, majirani wakaja, na akina mama walinipokonya sahani ya mgeni wakanipa kisu na rundo la vitunguu nikate nao. Mbah Karti alikaa ubavuni pangu akikisahihisha kila kitunguu changu. Kwa wakili wa mji tuliweka sahihi baada ya karamu, na mkono wangu haukusita.

Dubai nilirudi joto limeanza kupanda. Rehema alinipokea na swali: huko kukoje? Nikamwambia ni mahali ambapo ukuta haujengwi ovyo, na ukitaka kuwekeza ujue kwanza nani anapita wapi. Alisema hilo hata Tanga wanalijua. Mama, kule Bungoma, aliuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona watu wanaouliza kama nimekula. Akaguna, lakini siku hizi anauliza habari za vyumba kabla ya kuuliza zangu.

Nikiwa zamu getini natazama video anazonituma Yuni. Mapaa yameshaezekwa. Kwenye mojawapo Mbah Karti anapita katikati ya vyumba na kikapu chake, anasimama mbele ya simu anasema neno, na sihitaji tafsiri.

Wiki iliyopita nilimpigia Yuni nikiwa na wazo jipya: tuweke kaduka ka wanafunzi pale mwanzo wa kijia, pazuri, watu wengi wanapita. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hapana, Mbak," akasema, hata hakuvuta pumzi. "Pale Mbah anapumzika."

Nilikata simu nikalala usingizi mzuri.