Barua ya Kukataa Spidi

Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu Theresia Lesikar alifundisha Kiswahili katika shule za msingi, nyingi za upande wa magharibi wa Mlima Meru na ya mwisho mjini, na kwa muda wote huo neno "spidi" halikuwahi kupita mbele yake bila kupigwa mstari mwekundu. Neno ni kasi, alisema. Watoto walikubali, wakaandika kasi, na kengele ilipolia wakatoka nje kwa spidi.

Alipostaafu alitulia kwenye nyumba yake ya Kijenge, akapanda miparachichi miwili, akajiunga na kwaya ya akina mama usharikani, na baada ya miezi mitano akagundua kwamba nyumbani hapakuwa na mtu wa kusahihisha. Mume alikwishafariki. Watoto walikuwa Dodoma na Mwanza, na kama walikosea, walikosea hukohuko. Ndipo mpwa wake Jackline alipomtafutia mwanafunzi mtandaoni: Mnorwei aitwaye Nils, aliyetaka kujua Kiswahili kwa sababu ambazo hakuzieleza na mwalimu hakuziuliza. Kila Jumanne saa kumi jioni Theresia alivaa gauni la kazini, akaegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, akaketi wima. Darasa la mtu mmoja nalo ni darasa. Lina mahudhurio, ila mahudhurio yenyewe ama ni yote au si kitu.

Shida ilikuwa mtandao. Sauti ya Nils ilifika punje punje kama mahindi yanayopukuchuliwa, na jibu la mwalimu lilifika Norwei wakati swali limekwisha kusahaulika. Jumanne moja ya Juni, baada ya kukatika mara saba, Nils alisema polepole, kama mtu aliyeandika kwanza kwenye karatasi:

"Mwalimu, picha ikikatika tena wiki ijayo, itanibidi nitafute mwalimu mwingine. Samahani sana."

Sentensi haikuwa na kosa. Theresia aliikagua wakati akiosha vyombo. Ile -ki- ya "ikikatika" ilikuwa mahali pake. "Itanibidi" ilifuatwa na "nitafute", yenye e yake mwishoni, kama alivyomkaririsha mwezi mzima. Kuachishwa kazi ni jambo linalowapata wengi. Kuachishwa kazi kwa sarufi uliyoifundisha mwenyewe kunauma mahali pengine.

Angeweza kwenda kufundishia kwa Kandida, nyumba nne juu yake, ambako mtandao ulikuwa wa kuaminika. Alikwishajaribu mwezi Mei. Kandida, mama wa Machame mwenye duka sebuleni, alimkaribisha kwa moyo mmoja, akamletea chai, kisha akawa anajibu maswali kabla ya Nils, huku wateja wakiingia na kutoka. Somo la vivumishi liliishia kwenye tofauti ya mchele wa Mbeya na wa Kahama.

Lakini kilichomkosesha raha Theresia zaidi ni swali lenyewe. Nyumba nne. Mtandao, kwa jinsi alivyouelewa, ulitoka juu, na juu ya Kandida na juu yake palikuwa pamoja. Mvua ikinyesha kwa Kandida ilinyesha na kwake. Kwa nini hili jambo liwe na ubaguzi?

Jumatano asubuhi alichukua daftari, akaomba Jackline amwelekeze kwa simu namna ya kupima mtandao, akaanza kupanda njia yao ya Mkuyu nyumba kwa nyumba. Alibisha, akasalimia, akaomba nywila. Watu walimtazama. Alipobadilisha akaomba paswedi walimpa mara moja, na hapo akajua mengi kuhusu majirani ambayo miaka kumi na miwili ya kuishi nao haikumwambia. Mzee wa kanisa alitumia namba ya Zaburi. Philemoni, fundi seremala wa nyumba ya chini kabisa, alitumia jina la mwanamke ambaye si mkewe. Alipoona mwalimu anaandika alisema kwamba ni jina la msumeno.

Matokeo aliyapanga kwa safu mbili, kama alama za mtihani. Nyumba za chini: mbili, tatu, moja na nusu, tatu. Za juu: sitini, sitini na nane, sabini. Hakukuwa na wa wastani. Na mpaka kati ya waliofaulu na waliofeli ulikuwa kwenye boriti.

Boriti hiyo ilikuwa fahari ya njia ya Mkuyu. Mwaka uliotangulia, barabara kubwa ilipofungwa ili ipanuliwe, mafuso, yale malori ya mchanga, yaligundua kwamba njia yao ni ya mkato. Yalipita alfajiri, yalipita mchana, na siku moja ya mvua fuso moja likamvunja mguu mtamba wa Mzee Sironka, ambaye bado anafuga ng'ombe wanne nyuma ya nyumba kana kwamba mji haujafika. Wakazi wakaunda Kamati ya Barabara. Wakapata kibali, wakasimamisha nguzo mbili na kulaza juu yake boriti ya chuma, kimo cha mita mbili na robo. Gari dogo la Noah lilipita. Fuso halikupita. Boriti ilikuwa na bawaba na kufuli, kwa ajili ya dharura, na ufunguo alipewa Sironka, aliyeuvaa shingoni pamoja na wa zizi. Katibu wa kamati alikuwa Mwalimu Theresia. Ni nani mwingine angeandika barua?

Akiwa amesimama chini ya boriti aliinua macho. Juu ya nguzo ya mwisho ya nyaya, upande wa juu wa boriti, palikuwa na waya mweusi umezungushwa kama kamba ya ng'ombe iliyotundikwa ukutani kungoja kesho, na kibandiko chenye namba ya simu. Alipiga.

Fundi alikuja Alhamisi kwa bodaboda, kijana mwenye kofia ngumu na adabu, akamwamkia, akajitambulisha kuwa ni Allen. Alieleza kwamba waya ule ni faiba, na kwamba mtandao wa faiba hautoki juu bali unapita ndani ya waya kama maji kwenye bomba. Ulikuwa uende mpaka chini kabisa. Lakini gari lao la ngazi lina kimo cha mita tatu.

"Si mngeomba mfunguliwe?" akauliza Theresia.

"Tuliomba, mama. Kwa maandishi. Tukajibiwa." Allen alitabasamu kama mtu anayejizuia. "Ile barua tumeibandika ofisini ukutani. Mtu akichoka na kazi anakwenda kuisoma. Ninayo picha yake hapa."

Akampa simu. Theresia alisoma:

*Wakazi wa njia ya Mkuyu hawahitaji ongezeko lolote la spidi, si leo wala siku zijazo. Spidi iliyopo inatutosha, na tungefurahi ipungue. Mkithubutu kuileta, mtatukuta barabarani. Aidha, tunawakumbusha kwamba neno sanifu ni kasi.*

Akakumbuka. Barua ya kampuni ilikuja wiki ileile ya mtamba. Ilikuwa fupi: wanaomba kuingiza gari ili wakamilishe mradi wa *kuongeza spidi mtaani kwenu*, na boriti ni kikwazo. Jina la kampuni lilikuwa herufi tatu zisizosema lolote, na kando yake picha ya duma anayekimbia. Mwenye duma kwenye karatasi yake ya barua, Theresia alijiambia wakati ule, ni mtu wa malori. Aliandika jibu kwa kikao kimoja. Kamati iliposomewa ilipiga makofi, na Sironka akaomba lisomwe tena.

"Huyu T. Lesikar, Katibu," Allen akasema, "unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ni mzee sana?"

"Wa makamo," akasema Theresia, akamrudishia simu.

Allen alisema gari linaweza kuja Jumatatu ikiwa kuna mtu wa kufungua. Jumatatu ilikuwa siku moja kabla ya Jumanne. Ijumaa asubuhi Theresia alikwenda kwa Sironka, akamkuta anawakatia ng'ombe migomba. Walisalimiana kwa Kimaa, takwenya, iko, wakaulizana habari za mifugo na za watoto, mifugo kwanza. Kisha akamweleza, lakini kwa kuzunguka: kwamba kuna gari, si la mchanga, lina ngazi, litapita mara moja tu.

Sironka alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba ukilifungulia moja, mengine yatasikia. Tena yeye hana mamlaka, ana ufunguo tu. Kamati ilikataa spidi, na uamuzi wa kamati hutenguliwa na kamati.

"Na wewe ndiye uliyeuandika," akasema. "Uliandika vizuri sana. Mimi naukumbuka mpaka leo."

Kamati ikaitwa Jumapili baada ya ibada, kwenye karakana ya Philemoni, watu wakikaa kwenye vitanda ambavyo havijapigwa chaga. Usiulize Theresia alisikia nini kwenye mahubiri siku hiyo. Alikuwa anatunga. Alikuwa amefikia sentensi hii: *Kamati ilipotoshwa na utata wa lugha iliyotumika.* Ilikuwa sentensi nzuri, tena ya kweli, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ndani yake hapakuwa na mtu. Kwa sentensi ya namna hiyo ofisi nyingi zimesimama miaka mingi.

Ugumu ulikuwa kwamba ilibidi kwanza asome barua zote mbili, wajumbe wajue kinachojadiliwa. Akasoma ya kampuni. Akasoma yake. Alipofika kwenye neno sanifu ni kasi, sauti ilimpungua. Mtu anayemsahihisha mwenzake lugha hawezi kugeuka, kwenye aya hiyohiyo, akasema lugha ilimpotosha.

"Hawa hawakuwa watu wa malori," akasema. "Walikuwa watu wa mtandao. Spidi waliyoisema ni ya mtandao. Sikuuliza. Niliona duma, nikaandika. Sisi wa chini tumekaa mwaka mzima bila faiba kwa sababu yangu."

Kandida, ambaye kwa kuwa yuko juu hakupoteza chochote, ndiye aliyeguna kwa masikitiko makubwa kuliko wote.

"Sasa Mwalimu," akasema Philemoni, "mstari mwekundu tuuweke wapi?"

"Kote."

Ndipo wakacheka, na walipoanza hawakumaliza haraka. Mmoja alitaka kujua kama ile *tungefurahi ipungue* ilitekelezwa. Mwingine akajibu kwamba ndilo ombi pekee la mtaa ule lililowahi kutekelezwa lote. Theresia alikaa wima, mikono juu ya daftari, akawaacha. Alikuwa amewachekesha watoto wa watu kwa makosa yao miaka thelathini na minne.

Sironka peke yake hakucheka. Alingoja watulie, akauliza hiyo spidi nyingine inapita wapi.

"Juu, Mzee. Ndani ya waya."

"Haishuki chini?"

"Haishuki."

"Na hilo gari linaloileta, lenyewe lina spidi gani?"

Hilo nalo Theresia alisema hakuliuliza. Sironka akasema basi jibu atalitoa yeye. Atafungua. Lakini atatembea mbele ya gari kwa miguu, na dereva asimpite.

Ikawa hivyo. Jumatatu saa nne asubuhi boriti iliinuliwa, na gari la ngazi lenye duma mlangoni likateremka njia ya Mkuyu nyuma ya mzee mwenye fimbo, aliyesimama mara mbili kuamkiwa na mara moja kutoa kijiwe kwenye kandambili. Dereva alizima injini kila aliposimama. Mita mia mbili ziliwachukua muda wa kutosha Kandida kufunga duka, kuja kutazama, na kurudi kufungua. Jioni kisanduku kidogo kiliwaka taa ya kijani ukutani kwa Theresia, na Jackline kwa simu akamwambia apime. Sitini na sita. Aliandika daftarini, chini ya safu ya waliofeli, akaizungushia duara.

Jumanne saa kumi alikuwa amekwisha kukaa. Simu iliita mara moja, na Nils akatokea.

Akatokea mzima. Miezi minne Theresia alikuwa amefundisha miraba ya rangi ya waridi iliyosogea juu ya miraba ya rangi ya kijivu. Sasa aliona kichwa cheupe chenye nywele chache zilizochanwa kwa uangalifu, miwani mizito, kifaa cha kusikilizia sikio la kulia, na mikono yenye mabaka ya uzee ikishika daftari.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema mzee huyo, kama alivyosema kila Jumanne.

Na kila Jumanne alijibiwa marahaba. Si hivyo tu. Theresia alikumbuka, moja baada ya nyingine, kwamba amemwita kijana. Kwamba siku asipofanya zoezi alimwambia vijana wa siku hizi ni wavivu. Kwamba wiki ya tatu alimpa methali ya kukariri, ujana ni moshi ukienda haurudi, akamwomba aitungie sentensi tano zinazohusu maisha yake.

Alikuwa amezitunga zote tano.

"Mwalimu?" Nils alisogeza uso. "Picha inakatika?"

"Haikatiki," akasema Theresia. "Nils, una miaka mingapi?"

"Nina miaka sabini na tisa."

Yeye alikuwa na sitini na mbili. "Kwa nini hukuniambia?"

Nils aliwaza. Ilionekana wazi anavyowaza. Hata mkunjo wa paji la uso ulifika bila kuchelewa.

"Hukuuliza," akasema. "Na niliipenda."

Alipaswa kusema *nilipenda*, au aseme ni nini alichokipenda. Theresia aliliona kosa likipita, akaliacha lipite. Alisogeza kiti nyuma, akasimama, kwa kuwa jambo hili halifanywi mtu amekaa, na akainamisha kichwa kidogo mbele ya kopo la maziwa.

"Shikamoo," akasema.

Nils akashusha miwani puani na kuanza kufunua daftari kwa haraka, kurasa za nyuma kabisa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akitafuta upande wa pili wa salamu ambao hakuwahi kuhitaji kuusema. Mwalimu alibaki amesimama akimngoja. Jibu alilijua, lakini hakumtajia.