Meli Zilizoipita Ngome

Picha ile ilitundikwa ofisini kwa meneja wa shamba la ngano, nyuma ya kiti chake. Ilikuwa ya mistari myembamba ya wino mweusi: meli za kivita zimejipanga, zinaipita ngome ya pwani, ukumbusho wa vita fulani vya ng'ambo. Mtaalamu mmoja mzungu aliiacha mkataba wake ulipokwisha. Meli, huku Hanang! Sisi maji mengi tuliyoyajua ni ya ziwa la magadi.

Nilikwenda kumtafsiria mama, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Trekta zilikuwa zimekaribia bung'eda ya baba, kile kilima cha udongo ambacho ukoo mzima ulijenga juu ya kaburi lake. Tuliomba jambo moja: wakizunguke.

Meneja alimwamkia mama shikamoo, kwa adabu zote. Bora angetufukuza. Akasema kaburi analolijua yeye lina saruji na jina, na pale aliona udongo na nyasi tu.

"Halafu mipaka imeshapimwa, mama. Mimi ni mtumishi tu."

Nikamtafsiria mama. Alikuwa akiitazama picha. Bahari ilichorwa mistari mistari, kama shamba lililotoka kulimwa. Akainuka, akazunguka meza, akaigusa ngome kwa kidole.

"Mwambie," akasema kwa Kidatoga, "hawa nao walikuwa na trekta nyingi. Lakini bung'eda ya watu wameipita pembeni. Hawakuigusa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Meneja akacheka, si kwa ubaya, akaeleza kuwa ile ni bahari na zile ni meli.

"Sawa," mama akasema. "Lakini hawakuigusa."

Meneja akatazama saa yake. Nilimchukia siku ile, na hadi leo sijaacha.

Wiki iliyofuata wakalima. Tulisimama kando tukiangalia trekta zikipita kwa safu, hazikupunguza hata mwendo. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Sisi hata pa kumpishia hatukuwa napo.

Ngano ilistawi sana mwaka ule. Mama akaja na kibuyu cha maziwa ya kumwagia baba kaburini, kama desturi yetu. Ngano ilimfika kiunoni.

"Ni hapa?" akaniuliza.

Sikujua. Akasogea kidogo, akauliza tena. Jua lilipokuwa kali tukarudi nyumbani na maziwa yetu.