Jina la Madina Halikatwi

Mwanangu Madina, haya utayasoma ukikua. Ile Jumatatu getini kwa shule yenu, hapa Edmonton, bado naiona. Watoto walikuwa wanakuita "Mad! Mad!", yaani kichaa, na wewe ukaitika. Kuitika kwako ndiko kulikonimaliza.

Nikamwendea mwalimu wako. "Nani kampa mwanangu jina hilo?"

"Mimi nilimfupishia, Maddie, ni rahisi; wenzake wakalikata zaidi," akatabasamu. "Kwani Madina si mji?"

"Ni mji. Na Florence je? Na Sydney? Nayo ni majina ya miji, na wote unao darasani, mbona hujawakata?"

Wewe ukanivuta mkono, ukanong'ona kwa hicho Kiingereza chako: mama, basi, mimi sijali.

Hapo nikajiona mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifanya kazi ya kulea wazee Peckham, upande wa pili wa jiji hili hili. Jina langu, Subira, likawashinda watu wa kazini, wakaniita Sue, nami nikakubali nisije nikaonekana mkorofi. Siku bibi yangu alipozidiwa hospitali, shangazi alipiga simu kazini kunitafuta. Akajibiwa, "Hapa hatuna Subira." Habari zilinipata jioni; nilipofika, bibi alikuwa hasemi tena.

Shangazi hakunipa hata pole. "We Sue, uliiba nini hata ukaficha jina? Bibi yako kaita Subira mpaka sauti ikamkauka."

Bibi huyo ndiye Madina wa kwanza, wewe ni wa pili. Basi sikia. Kwa Kiarabu Madina ni mji tu, mji wowote. Ni mji wa Mtume. Hapa mtaani ni bucha, ni kinyozi, ni chuo chako cha Kurani. Kwetu Pemba ni wasichana chungu nzima. Jina lako lina nafasi ya wote hao, kichaa hayumo. Anayekosea msahihishe kwa adabu. Akirudia, kwa adabu tena. Ya tatu niite mimi. Na usiitike jina usilopewa, hata kwa kuona haya. Mungu akukuze, akupe umri mrefu na jina lako zima.

Jumanne asubuhi nilipeleka malalamiko rasmi kwa mkuu wa shule, nikasimama pale mpaka yakapigwa muhuri:

"Mwanangu anaitwa Madina. Lirekebishwe kwenye rejesta, kwenye kibandiko cha jina juu ya ndoano ya koti lake, na mdomoni mwa kila mwalimu. Nataka jibu kwa maandishi. Ni mimi mama yake, Subira. Na hilo pia msilikate."