Malkia wa Zuhura Mwenye Mwanya

Mie Yuliana, mzaliwa wa Masasi, nilikuwa Malkia wa Zuhura pale Temeke tangu mwaka ule watu walipokwenda mwezini hadi vita vya Kagera. Nasema wazi, kwa kuwa wapo wanaosema malkia alikuwa mwingine. Hakuwa mwingine.

Kikundi chetu kilikuwa cha wafanyakazi wa kiwanda. Mchana tunafunga sabuni, jioni mazoezi ukumbini. Kila Saba Saba tulitoa mchezo mpya wa wale watu waliotua Temeke kutoka nyota ya Zuhura, wakatukuta tunajenga nchi. Mchezo mpya, lakini watu walewale. Mume wangu Kasimiri alinichongea taji la mti mwepesi, tukalibandika karatasi za fedha za pakiti za sigara. Taji lilelile kila mwaka, gauni lilelile, na mwanya niliopewa na Mungu.

Watu walitoka Buguruni, hata Wazo, na walikuwa hawasahau kitu. Aliyewazidi wote ni Bi Mauwa, muuza maandazi wa mlangoni. Mwaka mmoja mganga wa Zuhura aliingia na fimbo mkono wa kulia. Bi Mauwa akapaza sauti: "We mganga, mwaka jana si ulikuwa mashoto?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Basi mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa nikawa na mimba kubwa. Mwalimu Projestus, mtunzi wetu, akaniita pembeni.

"Ndugu Yuliana, Saba Saba hii pumzika. Anjelina atashika nafasi yako."

"Kwani naumwa?"

"Huumwi. Lakini malkia alikwisha sema jukwaani kwamba Zuhura hawazai, watu wanaota ardhini kama mihogo. Leo atoke na tumbo hilo? Bi Mauwa atatumaliza!"

"Na mwanya je? Anjelina meno yamebanana kama punje za hindi."

"Tutampaka masizi katikati."

Nilicheka mpaka mtoto akageuka tumboni. Lakini nikaingiwa na hofu. Taji ukimwachia mtu siku moja, halirudi.

Siku yenyewe nikaenda ukumbini bila kualikwa. Nikamkuta Anjelina ndani ya gauni langu, anatema mate kwenye ndoo.

"Da Yuliana, masizi yananishuka kooni! Nikisema neno, mwanya umekwisha."

Nikamgeukia Projestus. "Chagua, Mwalimu. Mwanya wa uongo au tumbo la kweli?"

"Na mihogo je?"

"Mihogo niachie mie."

Gauni likakataa kufunga. Tukalipasua kiunoni, tukaziba kwa kanga, taji likapanda kichwani pangu.

Nilipotokea, ukumbi mzima ukanitazama tumbo. Kisha ile sauti ya mlangoni: "Ehee! Malkia, si ulituambia kwenu hamzai, mnaota kama mihogo?"

Nyuma ya pazia Mwalimu akajishika kichwa. Mie sikutetereka. Nilisogea mbele, mkono kiunoni.

"Kwetu hatuzai, mama. Lakini maji ya Temeke nayanywa tangu nitue, na jembe nalishika pamoja nanyi. Nimeshakuwa wa hapa. Au mlidhani nitakula mihogo yenu kila siku niendelee kuwa mgeni?"

Vigelegele! Wanawake wakasimama juu ya mabenchi. Bi Mauwa hakukubali kushindwa: "Haya, na baba yake nani?"

"Njoo Saba Saba ijayo, mama, umtazame mtoto mwenyewe!"

Mwaka uliofuata watu walijaa hadi madirishani. Nilipanda jukwaani na binti yangu Apolonia mgongoni, kafungwa kitambaa cha karatasi za fedha. Bi Mauwa akaacha maandazi yake, akaja mpaka mbele, akamfungua mtoto mdomo. Meno mawili ya juu, katikati mwanya.

"Wa Zuhura kweli huyu," akawatangazia watu, akarudi mlangoni.

Taji lilikuja kuwa la Apolonia alipokua. Masizi hakupakwa hata siku moja.