Nimeacha Kula

Nesi aliniambia sukari yangu bado kidogo tu iwe ugonjwa, nipunguze wanga. Nikaacha ugali na wali, nikautangazia mtaa wetu mzima wa Sofu kwamba nimeacha kula. Niliporudi kupima, sukari ilikuwa imepanda. Nikawaka: kipimo chenu kibovu!

"Asubuhi unakula nini, mama?"

"Sili. Nakunywa chai tu."

"Na nini?"

"Chapati mbili. Jioni mihogo ya kukaanga. Hivyo ni vitafunwa, si chakula!"

Akanisema mpaka nikainamisha kichwa: wanga ni wanga, hata ukiuita kitafunwa. Hapo mama ntilie akaingia na chupa ya chai na sahani ya maandazi. Nesi akamega moja.

"Karibu, mama," akasema huku akitafuna. "Mwenzio tangu asubuhi sijala kitu."