Neno Lililotoka Chini ya Mfuniko

Mwezi uliopita nilipitia Kisaju kuangalia boma la babu, au tuseme mahali lilipokuwa. Palipokuwa na zizi la mbuzi sasa pana ukuta wa mawe wenye nyaya juu, na nyuma yake nyumba za ghorofa zilizobanana. Mlinzi aliniuliza natafuta nani. Nikamwambia nimepotea njia. Nilirudi Kitengela, na tangu siku hiyo, rafiki yangu, ile alasiri ya mgeni haijanitoka.

Tulikuwa Wakamba tuliohamia katikati ya Wamaasai. Ardhi ilikuwa wazi, unaweza kusimama mlangoni ukaona nyumbu wakipita wakiwa na vumbi lao. Nyanya alibandika muthokoi asubuhi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mpaka saa ya kula boma lote lilikuwa linanukia. Mimi nilichunga mbuzi na kuteka maji. Babu alikuwa mtu wa maneno machache. Wakati wa vita vya Hitler alikuwa baharia kwenye manowari ndogo ya Waingereza, iliyolinda meli za biashara zilizobeba chai, katani na ngano. Yeye na mdogo wake waliandikishwa pamoja. Mdogo wake hakurudi. Hilo tulilijua, na tulijua pia kutouliza. Babu alizoea kusema, "Aliyekufa haraka, msimcheleweshe kwa maswali."

Mgeni alikuja kiangazi, kwa miguu kutoka barabarani. Mzee wa Kimaasai, mrefu, masikio yametobolewa, koti la zamani juu ya shuka. Nilimwinamia, akaniwekea mkono kichwani.

"Sopa," alimsalimu nyanya.

"Epa," nyanya akajibu. "Karibu, mzee. Umetoka mbali?"

"Embulbul, huko Ngong. Nimeambiwa sokoni Kitengela, hapa iko Mkamba alikuwa kwa manowari."

Babu alitoka ndani. Wakatazamana. Hawakukumbatiana, wala hawakucheka kama wazee wanaokutana baada ya miaka. Babu alisema tu, "Ni wewe ulinivuta."

"Ni mimi."

Nyanya alileta chai. Niliambiwa nikae nichambue maharagwe, nikakaa karibu kabisa. Hapo ndipo nilipoisikia habari ambayo babu hakuwahi kutupa.

Siku hiyo ya vita baharini, mgeni alisema, walikuwa wakisindikiza meli za mizigo. Ikatokea meli nyingine, imepandisha bendera ya rafiki. Wakaiuliza kwa ishara wewe ni nani, nayo ikachelewa kujibu. Wakangoja, mizinga imeelekezwa, hakuna anayepumua. Kisha ile meli ikateremsha bendera ya uongo na kufyatua. Manowari yao ilijibu, lakini kombora moja lilikuwa limeshapenya, moto ukawaka karibu na ghala la makombora. Babu na mdogo wake walikuwa huko chini, wakipakia. Mgeni alikuwa juu, kwenye mfuniko wa chuma wa ghala hilo. Alimvuta babu akiwa amezirai kwa moshi. Kabla hajamfikia yule mwingine, afisa akapiga kelele mfuniko ufungwe, maji yaingizwe ghalani, la sivyo meli nzima itapasuka na zile za mizigo zibaki bila mlinzi.

"Nikafunga," mgeni alisema. "Halafu akaita kutoka chini."

Babu aliweka kikombe chini. "Waliniambia alikufa papo hapo."

"Aliita. Kwa lugha yenu. Hiyo neno nimekaa nayo mpaka leo. Wakamba wako kila mahali, nimeogopa kuwauliza. Lakini mimi ni mzee sasa."

"Liseme."

Mgeni alifumba macho. "Vingua mituki," alisema, polepole, kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika. "Naona inafanana na fungua ya Kiswahili. Ndiyo maana silali."

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Lilikuwa neno ambalo nyanya aliniitia kila asubuhi niwatoe mbuzi. Vingua: fungua. Vingua mituki: fungua upesi. Nilimtazama babu. Uso wake ulikuwa umekauka. Nikafungua mdomo niseme, maana nilikuwa mtoto na nilijua jibu. Nyanya alinikanyaga mguu kwa nguvu.

Mahali fulani ng'ombe alilia.

"Kikamba si Kiswahili," babu alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Kwetu, vingua ni kufunga. Alikuambia funga upesi."

"Kweli?"

"Ndugu yangu alijua kazi ya mfuniko. Na usimuulize Mkamba mwingine. Hiki ni Kikamba cha kwetu milimani, wa Machakos watakupotosha."

Yule mzee aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Babu alimshika mkono mpaka akatulia. Baadaye mgeni alikula muthokoi, sahani nzima, akalala palepale kitini, jua likiwa bado juu. Babu alikwenda nyuma ya nyumba. Nilitaka kumfuata, nyanya akanizuia.

"Umesikia nini?" aliniuliza.

"Vingua."

"Umesikia babu yako akitafsiri," alisema. "Basi."

Mzee yule alikuja tena kila kiangazi. Babu hakumwambia lolote tofauti, wala hakutuambia sisi lililompata nyuma ya nyumba siku ile.

Babu alipofariki, jamaa walijaa kutoka Ukambani. Mzee wa Embulbul aliomba kusema. Alisimama kando ya jeneza akasimulia jinsi ndugu ya marehemu alivyoiokoa meli, na kwa fahari akalitamka neno lenyewe kwa sauti, akaeleza kwamba maana yake ni funga upesi. Watu walishtuka. Nyanya alisimama, akawaangalia mmoja mmoja, wazee na vijana, wachungaji na akina mama wa jikoni. Hakuna aliyemsahihisha. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Ni kweli, mzee," na wengine wakaitikia.

Boma limekwenda, na waliokuwepo karibu wote wamekwenda. Lakini kinachoniuma si ukuta ule. Ni kwamba sijui kama leo ningeweza kukusanya watu wengi namna hiyo, wote wanajua, na wote wakanyamaza.