Na Tiara ya Nyuzi Mbili Mpaka Mamba

Alhamisi mchana, uwanja wa shule, Same mjini. Nilimpelekea binti yangu Naetwe chupa ya maji, nikamkuta barazani peke yake na rundo la masweta. Darasa lake lote lilikuwa uwanjani linavuta kamba, kelele na vumbi juu.

"Unafanya nini hapa?"

"Nalinda masweta."

"Kila siku wewe?"

"Kila siku mimi."

Nikamfuata mwalimu wa michezo. Akanijibu kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza: "Mama Nae, na mkono ule? Mimi namwonea huruma tu."

"Basi huruma yako ndiyo ilinde masweta," nikamwambia mbele ya wanafunzi wake. Sijutii.

Naetwe ana miaka tisa. Mkono wake wa kushoto uliumia begani siku ya kuzaliwa. Wauguzi walisema mazoezi, mazoezi, na yeye aliyakataa yote mpaka nilipompa tiara. Si ile ya kukimbia nayo barabarani. Hii ina nyuzi mbili na kishikio kila mkono. Unasimama: ukivuta kushoto inageuka kushoto, ukivuta kulia inageuka kulia, ukiweka mikono sawa inapanda wima. Mkono mmoja hauwezi kukaa bure.

Lakini majuma ya karibuni ilikuwa inaangukia kushoto tu. Nilihangaika na hatamu, vile vikamba vifupi vinavyoshika fremu, nikavipandisha, nikavishusha, wapi! Jioni ile ya Alhamisi Naetwe aliikunja, akasema bila kulia, "Mama, tuiache. Mkono wangu ndio mbovu. Hata mwalimu anajua."

Nikampigia simu Nakijwa wa Mamba, kule milimani, binti wa shangazi yangu. Tulisoma sekondari pamoja, na ugonjwa huu wa tiara tuliupata pamoja, kwenye video za simu. "Njooni Jumamosi," akasema. "Tiara hailetwi kwa simu."

Jumamosi asubuhi, stendi. Tiara yetu ni ya kitambaa cha mwavuli na fito za mwanzi, nayo husafiri ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Konda akaligonga. "Mama, mnaenda kuvuta maji?"

"Tunaenda kuvuta upepo."

"Upepo wa Same haukutoshi?"

Nikapanda basi. Kwa kweli nilikuwa nimepakia hasira nyingi kuliko mizigo.

Baada ya Kisiwani milima ilikuwa kulia kwetu, karibu, na mbuga kavu kushoto. Siku zote Naetwe hunisomea upepo njiani: moshi ule umelala, majani yale yanatikisika. Siku hiyo nilimwonyesha kisulisuli cha vumbi kikivuka mbuga, akageuzia uso upande wa mlima.

Njia panda ya kupanda Mamba tulichukua bodaboda, Naetwe katikati, bomba mgongoni kwangu. Kijana wa bodaboda akaliangalia. "Dada, hilo likishika upepo kwenye kona, tunapaa wote watatu. Nauli ya ndege sijakutajia." Naetwe akacheka. Cheko la kwanza tangu Alhamisi, na nilimpenda yule kijana kama ndugu yangu.

Mamba kulikuwa na ubaridi na harufu ya tangawizi iliyoanikwa kwenye maturubai. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Rubani ndiye huyu?" Shangazi akamshika Naetwe mikono yote miwili, akaitikisa sawasawa, hakuupapasa ule wa kushoto kama watu wafanyavyo. Kisha akamtuma maji kisimani kama mtoto mwingine yeyote. Niliinuka nimpokee ndoo. "Kaa chini," shangazi akasema. Nikakaa.

Saa kumi, uwanja wa mpira juu ya kijiji, upepo unapanda kutoka bondeni. Nakijwa aliirusha mwenyewe kwanza. Ikapanda vizuri. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifanya: aliacha kuisahihisha. Akaweka mikono sawa kifuani, akatulia. Tiara ikalala kushoto, ikajipiga chini puu!

Naetwe akamtazama. "Na wewe mkono wako mbovu?"

"Usinitukane, mtoto wewe. Mikono hii inachimba tangawizi!"

Nakijwa hakugusa hatamu. Alichomeka kijiti ardhini, akazitoa nyuzi kwenye tiara, akafunga ncha zake mbili hapo, akarudi nyuma na vishikio mpaka nyuzi zikakaza. Akavilinganisha. Cha kushoto hakikukifikia cha kulia; uzi wake ulipungua kwa upana wa vidole vinne. Akabandua utepe uliokizunguka. Chini yake kulikuwa na fundo.

"Nani kafunga hili?"

Nikalitambua. Nililifunga siku za mwanzo, mkono wa Naetwe ulipokuwa hauna nguvu, ili uzi uwe mfupi na avute kidogo tu. Kisha nikalisahau. Mkono umekua, fundo limebaki. Sasa yeye anavuta, na fundo nalo linavuta.

"Kumbe muda wote ulikuwa unanivutia?" Naetwe akauliza.

"Nilikuwa nakusaidia, mama."

"Sasa si ufungue?"

Lilikuwa limekaza kwa vumbi. Nilitumia meno.

Ikapanda wima. Naetwe aliingoja ifike juu kabisa, akavuta kwa mkono wa kushoto, wenyewe bila fundo, na tiara ikachora duara juu ya migomba, kisha duara jingine. Nilisimama nyuma yake nimenyoosha mikono, tayari kudaka vishikio. Hakuna aliyeihitaji. Nakijwa akanishusha mikono taratibu, akakiacha kiganja chake ndani ya changu.

Jumapili tulirudi na mfuko wa tangawizi. Naetwe alinisomea vumbi, moshi na mikia ya ng'ombe njia nzima, kisha akalala, mkono wa kushoto umekumbatia bomba. Tangu Alhamisi nilikuwa natunga kichwani barua ya malalamiko ya kumhamishisha yule mwalimu. Njiani nilikuwa nafuta sentensi moja baada ya nyingine. Hasira haikuisha. Ilinyooka tu.

Jumatatu asubuhi, ofisi ya mwalimu mkuu, barua yangu mezani. "Mama Nae, haya si tungeyaongea tu?"

"Nimeshaongea na mwenzako, mwalimu. Naomba mhuri wa kupokelewa."

Akagonga mhuri. Niliandika hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTOTO WANGU NAETWE KUZUIWA MICHEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtoto wangu hukalishwa barazani kulinda masweta wenzake wakicheza. Mwalimu anasema ni huruma. Naamini ni huruma, kwa sababu hata mimi nilimfanyia ya namna hiyo, na ilimwangusha. Nimeacha. Naomba na shule iache.

Masweta yatundikwe kwenye misumari.

Naetwe apangwe kuvuta kamba, upande wowote, kuanzia leo. Wakivutwa wakaanguka, msimkimbilie. Mwacheni aanguke na wenzake, na ainuke nao.

Mimi, mama yake.